Saa ya Hadithi Maktabani Isiwe Sherehe ya Mara Moja

Jumamosi moja asubuhi nilisimama kwenye mlango wa maktaba ya umma, katika mji ambao sitautaja, nikashuhudia jambo lililoniuma moyo. Watoto watatu, mkubwa wao akiwa na umri usiozidi miaka minane, walifika wakiwa wameshikana mikono. Bawabu akawauliza wanatafuta nini. Yule mkubwa akajibu kwamba wamekuja kutazama vitabu vya picha. Bawabu, ambaye kusema kweli hakuwa mtu mbaya, aliwaambia kwa upole kwamba chumba cha watoto kimejaa watahiniwa, na kwamba warudi mitihani itakapokwisha. Watoto wale waligeuka wakaenda zao. Sijui kama walirudi. Mtoto wa miaka minane hajui mitihani hwisha lini. Katika nchi hii yetu, hata mtu mzima hajui.

Niliingia nikachungulia. Naam, bawabu alikuwa amesema kweli. Vijana wa sekondari walikuwa wamejikunyata kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti yakikaribia kugusa videvu, kila mmoja ameinamia daftari lake. Siwalaumu hata kidogo. Wengi wao hutoka katika nyumba zisizo na meza wala taa ya kutosha, na maktaba ndiyo kimbilio lao la pekee. Lakini ukutani bado kulikuwa na michoro ya twiga na kobe, na rafu ya vitabu vya watoto ilikuwa imesukumwa kando ikaelekezwa ukutani, kana kwamba vitabu vyenyewe vimeadhibiwa kwa kosa wasilolijua.

Hebu tujiulize: maktaba ya umma ni ya nani? Ikiwa ni ya umma, je, mtoto ambaye bado hajajua kusoma ni sehemu ya umma huo, au huanza kuhesabiwa siku anapoandikishwa kufanya mtihani?

Historia yetu inapaswa kutufanya tuwe wepesi wa kujibu swali hilo. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Wazee wetu waliijua vyema ladha ya kugeuzwa mlangoni. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1965 ya kuunda shirika la kusimamia maktaba za taifa, ili kitabu kimfikie Mkenya popote alipo. Mwaka 1996 shirika hilo lilikwenda hatua ya kusifika: lilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Masanduku ya vitabu yalipakiwa mgongoni mwa ngamia, pamoja na hema na mikeka, na msafara ukaenda mahali ambapo gari lingekwama mchangani. Hema lilipigwa, mikeka ikatandikwa, na watoto wakaketi kusoma. Taifa lililoweza kumpelekea mtoto kitabu jangwani kwa ngamia linashindwaje kumfungulia mtoto wa mjini chumba chenye jina lake mlangoni?

Wala sheria haikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Jedwali lilo hilo liliikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Maana yake ni kwamba mwajiri wa mwalimu wa chekechea na mwenye dhamana ya maktaba ya kaunti ni mmoja. Mtoto na kitabu wamekabidhiwa mlezi mmoja, lakini mara nyingi mlezi huyo hajawahi kuwakutanisha.

Ninalotaka kulisema leo ni hili. Kila maktaba ya umma inapaswa kuwa na saa moja katika juma, siku ile ile na wakati ule ule, ambapo watoto wadogo watasimuliwa hadithi na kisha kufanya kazi ya mikono inayotokana na hadithi hiyo. Saa hiyo isiwe zawadi ya sikukuu. Isingoje mgeni mashuhuri, wala wapiga picha, wala fulana za wafadhili. Na juu ya yote, isiwe mtihani.

Nalisema hili la mtihani kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mkosaji.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, nilijitolea kusimulia hadithi katika maktaba ya mji tuliokuwa tukiishi. Mkutubi, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinikubalia kwa furaha. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto thelathini na mmoja. Nikasema "Paukwa!" wakaitikia "Pakawa!" mpaka madirisha yakatikisika. Nikawasimulia kisa cha Sungura na Fisi, nami nilikisimulia vizuri, nisijisifu bure. Walicheka, walishika vichwa, walinionya Fisi asije akanisikia. Kisha, kwa mazoea ya kazi yangu, nikasimama wima, nikauliza: "Haya, nani atatueleza funzo la hadithi hii?"

Laiti ungaliuona ukimya ulioingia! Nyuso zilizokuwa zimechanua zikafumba kama ua la jioni. Msichana mmoja wa mbele, akiwa na wasiwasi dhahiri, akaniuliza: "Mwalimu, tutatahiniwa?" Nilicheka, nikamwambia hapana, ni swali tu. Hata hivyo niliendelea kuuliza. Nikauliza wahusika ni nani. Nikauliza kinyume cha "mlafi". Nikamsahihisha mtoto aliyekosea upatanisho wa kisarufi.

Jumamosi iliyofuata walikuja watoto tisa.

Nilitaka kulaumu mvua. Yule mama mkutubi akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, uliwaita kwa paukwa, ukawaaga kwa alama. Nani atarudi?" Kisha akatoka nje, akarudi na ndoo ya udongo aliokuwa amemwomba mfinyanzi wa sokoni. Akanishauri nisimulie tena kisa kile kile, nisiulize lolote, halafu nimpe kila mtoto donge la udongo.

Nilifanya hivyo, ingawa kwa shaka. Miongoni mwa wale tisa alikuwapo mvulana mmoja ambaye hakuwa ametamka neno tangu siku ya kwanza. Hakuitikia hata pakawa. Alichukua donge lake, akakaa pembeni, akafinyanga fisi mwenye tumbo kubwa kupita kiasi. Mwenzake akamwuliza mbona tumbo ni kubwa hivyo. Mvulana yule akaanza kueleza. Na katika kueleza akajikuta anasimulia kisa kizima, akakigeuza mwisho wake, akamtia humo na Kobe ambaye mimi sikumtaja. Wenzake wanane waliacha kazi zao wakamsikiliza. Nilikuwa nimetafuta funzo la hadithi kwa maswali nisilipate. Nikaliona likitoka kwenye vidole vya mtoto aliyedhaniwa kuwa bubu.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kwa mtoto mdogo, mkono hutangulia ulimi, na ulimi hutangulia kalamu. Sisi tumezoea kuanza na kalamu, kisha tunashangaa mbona ulimi ni mzito.

Kabla ya kuondoka, mvulana yule alimwendea mkutubi akamwuliza kama kuna kitabu chenye Fisi. Kilikuwapo kimoja. Hakuweza kukiazima, kwa kuwa sharti mzazi afike kutia sahihi, na mama yake alikuwa muuza mboga ambaye hakuweza kuacha kibanda chake saa za kazi. Mkutubi akavaa viatu vyake, akamfuata mama yule sokoni na fomu mkononi. Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo mipango ya maktaba kwa maana yake kamili. Mpango mzuri humfuata mtoto mpaka pale kizuizi kilipo.

Sasa niwageukie walimu wenzangu na wanafunzi wa vyuo vya ualimu, maana ninyi ndio mtakaoulizwa mlifanya nini. Saa ya hadithi huonekana kuwa jambo jepesi, na ndiyo sababu hufanywa ovyo. Inahitaji kupangwa kama somo linavyopangwa, ingawa haipaswi kufundishwa kama somo.

Kwanza kabisa ni siku na saa. Kwa maoni yangu, Jumamosi saa nne asubuhi ndiyo bora: mtoto amekwisha kutumwa kisimani au dukani, na jua halijawa kali. Lakini saa yenyewe si muhimu kama udumifu wake. Afadhali watoto kumi kila juma kwa mwaka mzima kuliko watoto mia tatu siku moja ya mwaka. Mtoto hujenga mazoea kama ndege anavyojenga kiota, kijiti kimoja kwa kimoja. Ukimhamisha kila mara, hajengi.

Pili ni idadi na umri. Watoto ishirini na watano wanamtosha msimulizi mmoja na msaidizi wake. Wakizidi, wagawanywe. Wale wa chini ya miaka mitano hawawezi kutulia kwa hadithi ndefu. Wapewe hadithi fupi mbili zenye kibwagizo cha kuitikia, na michezo ya vidole katikati. Wale wa miaka sita hadi tisa huweza kusikiliza kwa dakika ishirini bila taabu, mradi msimulizi asiwe na uso wa karani. Waketi kwa nusu duara kwenye mikeka, wadogo mbele, ili wote waione picha hata kama kitabu ni kimoja.

Tatu ni uteuzi wa hadithi. Anayesoma kitabu mbele ya watoto bila kukisoma kwa sauti mara mbili tatu peke yake ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi. Asome apate kujua ni wapi pa kunong'ona, wapi pa kunyamaza, na ukurasa upi ugeuzwe polepole. Na asifikiri kwamba hadithi ni lazima itoke kitabuni. Nchi hii ni ghala. Zimwi la Waswahili lina ndugu zake kila pembe: Wakikuyu wana irimũ, Waluo wana Apul Apul, Waluhya wana amanani. Hebu fikiria Jumamosi moja ambapo watoto wa mtaa mmoja wa mjini, kila mmoja na asili yake, wanagundua kwamba wote wamekuwa wakitishwa na zimwi moja lenye majina mengi! Hilo litawafunza umoja kuliko hotuba kumi. Mwalikeni nyanya au babu mmoja kila mwezi, asimulie kwa lugha yake, mkalimani akiwa kando. Katiba yetu imetaja wajibu wa kuendeleza lugha za asili, Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya breli. Basi na mtoto kiziwi awe na mtu wa kumfasiria, na mtoto asiyeona apewe nafasi ya kwanza kupapasa kile kitakachotengenezwa.

Nne ni kazi ya mikono, na hapa ndipo wengi hupotea. Kazi hiyo haifai kuwa pambo lililogandishwa mwishoni mwa hadithi, wala watoto hawapaswi kupewa picha iliyokwisha kuchorwa ili waijaze rangi bila kutoka nje ya mstari. Kazi izaliwe na hadithi. Nitatoa mfano wa mwezi mmoja, ambao maktaba yoyote inaweza kuufuata bila kungoja msaada kutoka ng'ambo.

Jumamosi ya kwanza iwe ya Sungura na Fisi, na udongo wa mfinyanzi kama nilivyoeleza.

Jumamosi ya pili asimuliwe Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, aliyefungwa gerezani akapelekewa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa makapi. Masimulizi yanasema alikata minyororo yake huku ngoma na matoazi yakivuma ili mlio wa tupa usisikike. Basi watoto watengeneze vyombo vya kupiga: makopo yenye kokoto, vifuniko vya chupa vilivyotungwa kwenye waya, kibuyu chenye mbegu. Msimulizi arudie kisa, na afikapo kwenye minyororo watoto wapige kwa nguvu zao zote. Mtoto aliyewahi kumwokoa Liyongo kwa kopo la kokoto hatamsahau.

Jumamosi ya tatu iwe ya Lwanda Magere, ambaye Waluo husimulia kwamba nguvu zake zilikuwa kivulini. Watoto wakate maumbo ya watu, mikuki na ng'ombe kutoka kwenye katoni kuukuu, wayabandike vijitini. Shuka nyeupe itundikwe dirishani penye jua, au kurunzi iwashwe nyuma yake, na kisa kichezwe kwa vivuli. Papo hapo watajionea kwamba kivuli hukua umbo likisogezwa karibu na kurunzi, na hupungua likisogezwa karibu na shuka. Hilo ni somo la sayansi, na hakuna aliyelitaja kwa jina hilo.

Jumamosi ya nne iwe ya vitendawili, na kutengeneza kitabu. Karatasi nne zikunjwe katikati, zishonwe kwa sindano na uzi kwenye mkunjo, na jalada likatwe kutoka kwenye boksi. Kila mtoto achore kisa chake. Asiyejua kuandika amwambie msaidizi maneno, naye ayaandike kama yalivyotamkwa, bila kuyasahihisha. Vitabu hivyo vipewe namba na viwekwe rafuni, vikiazimwa kama vitabu vingine. Mtoto anayekiona kitabu chake kimesimama kwenye rafu ya maktaba ya umma amekwisha kuelewa jambo ambalo wengi wetu tulichelewa kulielewa, kwamba vitabu huandikwa na watu, na kwamba yeye ni mmoja wao.

Na msimu wa mvua za masika ukiwadia, asimuliwe Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutuzwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, kisha kila mtoto apande mbegu kwenye kopo na arudi kila Jumamosi kuitazama. Mbegu itamrudisha maktabani hata kama hadithi haikumrudisha.

Vifaa vya kazi hizi ni vya kawaida. Gundi hupikwa kwa unga wa ngano na maji. Mkaa huchora. Katoni hutupwa nyuma ya kila duka. Kinachopaswa kununuliwa ni karatasi, uzi, sindano, makasi yasiyo na ncha kali na kalamu za rangi. Kadhalika kuna masharti yasiyogharimu kitu, lakini yasiyofaa kusahauliwa: majina ya watoto na ya wazazi wao yaandikwe wanapofika, asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na watoto nyuma ya mlango uliofungwa, na wale wachanga wasipewe mbegu na shanga, maana huishia puani na kooni.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na sitaki kuzikimbia.

Kuna watakaosema kwamba maktaba ni mahali pa kimya. Nami nakubali kwamba mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anastahili utulivu wake. Lakini kimya ni sharti la msomaji aliyekwisha kupatikana. Msomaji ambaye bado anatafutwa hapatikani kwa kimya. Hupatikana kwa sauti. Saa moja kati ya saa zote ambazo maktaba hufunguliwa katika juma haiwezi kumwangusha mtahiniwa. Inawezekana pia kukutana chini ya mti uani, au katika ukumbi wa shule iliyo jirani.

Kuna watakaosema pesa hazipo. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa sababu maktaba nyingi zetu zina wafanyakazi wachache na vitabu vilivyochakaa. Lakini tusijidanganye: siku ya ufunguzi wa jengo pesa za mahema, vipaza sauti na soda hupatikana. Gharama ya sherehe moja kama hiyo ingenunua karatasi na uzi wa saa ya hadithi kwa muda mrefu. Na kwa wale walio na kompyuta moja na mtandao wa intaneti, upo mradi wa African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, uliokusanya hadithi za picha katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, ambazo huchukuliwa bila malipo.

Kuna pia watakaosema kwamba watoto wa siku hizi wana simu za wazazi wao, hawana haja na msimulizi. Jibu langu ni fupi. Simu humsimulia mtoto, lakini haimsikii akiitikia. Ukisema "Paukwa" na usingoje "Pakawa", umezungumza peke yako.

Na wapo walimu watakaouliza, kwa haki kabisa: je, hii si kazi nyingine tunayotwikwa? Mtaala wa Umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, umemtaka mtoto atende badala ya kukariri. Wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi hizo huwafuata nyumbani usiku, wakitafuta karatasi za manila na gundi madukani, na hatimaye kuitengeneza kazi wenyewe mtoto akiwa amelala. Je, si dhahiri kwamba maktaba ndiyo mahali ambapo kazi hiyo ingefanywa na mtoto mwenyewe, mchana, pamoja na wenzake, kwa vifaa vya pamoja? Mtoto wa muuza mboga na mtoto wa meneja wa benki wangetumia gundi moja. Kwa hivyo ninayempendekezea mwalimu ni mwenzi wa kazi, ambaye hajamtumia.

Hata hivyo natoa onyo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, lakini mazoea ya mtihani hayakuzikwa pamoja nao. Yamo ndani yetu sisi walimu. Tukiipeleka saa ya hadithi shuleni na kuitengenezea fomu ya kutoa alama, tutakuwa tumemfukuza mtoto kwa mara nyingine. Lazima pawe na mahali pamoja katika maisha yake ambapo hapimwi. Nyumbani anapimwa na jirani. Shuleni anapimwa na wino mwekundu. Maktaba na imwache.

Basi nini kifanyike? Serikali za kaunti zitenge katika makadirio yao ya kila mwaka fungu dogo lenye jina lake, la kazi za watoto maktabani, ili mkutubi asiombe uzi kama mtu aombaye sadaka. Wakuu wa elimu ya chekechea na wasimamizi wa maktaba, ambao mara nyingi hufanya kazi chini ya paa moja, wakae meza moja na kupanga ratiba ya mihula yote mitatu pamoja na likizo zake. Vyuo vya ualimu viwapeleke wanafunzi wao maktabani kwa zamu, wasimulie na wasaidie, maana hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunza kama unasikilizwa au unavumiliwa. Wanafunzi wa sekondari, ninyi mnaoketi kwenye vile viti vidogo, simameni kwa saa moja tu mwasomee wadogo zenu. Kusoma kwa sauti kutawanufaisha ninyi pia, na hadithi mtakayoisimulia leo mtaikumbuka kwenye karatasi ya Fasihi Simulizi kesho.

Nasi wazazi tuchukue watoto wetu kwa mikono tuwafikishe. Samaki mkunje angali mbichi.

Yule mama mkutubi alistaafu. Aliyemfuata hakuagizwa na yeyote kuiendeleza saa ile, wala hakutengewa chochote, na mimi nilikuwa nimehamishwa. Ilikufa bila tangazo, kama mambo mengi mema yanavyokufa kwetu: hayapigwi marufuku, hukosa tu mtu ambaye ni wajibu wake. Ndiyo maana sitosheki tena na watu wa kujitolea, wawe wema namna gani. Wema wa mtu mmoja hustaafu pamoja naye. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa kwenye ratiba, kikatengewa fungu, kikawa kazi ya mtu anayejulikana kwa cheo chake.

Watoto wale watatu waliogeuzwa mlangoni walikuwa wameshikana mikono. Walifika wenyewe, bila kuitwa, Jumamosi asubuhi, wakitafuta vitabu. Tunatumia muda mwingi kulalamika kwamba Wakenya hawasomi. Yafaa tukumbuke kwamba kuna siku walikuja, na sisi ndio tuliowaambia warudi baadaye. Rafu ile igeuzwe, vitabu vitazame watoto, na Jumamosi ijayo, saa nne, mtu awepo hapo wa kusema paukwa.